Makaratasi ya marehemu si ya kufungia karanga

Hapa Lubumbashi tunajua kulia mutu. Siku ya kumaliza matanga jamaa wanakaa, wanagawa: koti kwa huyu, kinga kwa yule, redio kwa mutoto wa kwanza. Juu ya mashini moja ya kushona watu wanaweza kubishana siku mbili. Lakini marehemu akiwa mwandishi wa habari, na ameacha sanduku la makaratasi, hakuna anayegombea. “Ile ni ya bure, mupeleke ku soko.” Muuza karanga anafurahi. Desturi hii hatukuipata kwa babu zetu, na tunaikataa wazi.

Mu sanduku la namna hiyo kuna nini? Tuliwahi kufungua moja. Daftari za mistari, kartye kwa kartye, na majina ya wazee aliowauliza. Ramani ya mukono ya Kamalondo, wakati ilipoitwa bado Komini Albert. Pembeni ya ukurasa: huyu anasema hivi, mwenzake anakataa. Gazeti lilichapisha mistari kumi tu. Zingine zote zilibaki mu daftari.

Wandugu, tuchukue mambo ya Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mushahara, na tarehe 9 askari wakapiga risasi watu waliokusanyika ku uwanja wa mupira. Hesabu ya wafu ya serikali ya Wabelji na hesabu ya wazee wa kambi hazikupatana hata siku moja. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile, leo amepita 100. Tutamuuliza nani tena? Kama kuna mahali jina la aliyekufa liliandikwa jinsi mujane wake alivyolitaja, ni mu daftari kama hizo. Likipotea, yule mutu anabaki hesabu tu, tena hesabu ya kubishaniwa.

Kuna wasomi wanaotujibu: “Ye alikuwa tu muandikaji wa gazeti, hakusomaka historia.” Na André Yav alisoma wapi? Alikuwa boyi mu nyumba za wazungu. Mwaka 1965, kwa niaba ya maboyi wenzake wa zamani, alitoa historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hiki hiki, imepigwa ku mashini. Johannes Fabian hakumuuliza diploma: mwaka 1990 aliitoa kitabu huko Ulaya, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni walimu wangapi wa hapa wamekishika mukononi? Mwanafunzi wetu wa sekondari anakutajia 1789 ya Wafaransa bila kufikiri, lakini muulize ni mwaka gani Elisabethville iligeuka Lubumbashi (ni 1966), anatazama dari.

Wengine wanasema magazeti yalidanganya. Ni kweli, wakati wa chama kimoja yaliimba sifa, kila mutu anakumbuka. Ndiyo sababu tunalilia daftari: mu gazeti mulipita kilichoruhusiwa, mu daftari mulibaki kilichosikiwa.

Na wale watafiti wanaokuja na tabasamu, wanaazima daftari “kwa juma moja”, kisha wanapanda ndege nayo? Hao ni ndugu za muuza karanga, isipokuwa wao wanajua bei.

Tunaomba hivi. Kabla ya kugawa mali, mutoto mumoja aandike orodha ya daftari na picha, hata ku karatasi moja. Asili ibaki kwa jamaa. Anayetaka kusoma akae pale sebuleni asome. Mwaka 2000, watu wa Chuo Kikuu walipoanza kazi ya “Mémoires de Lubumbashi”, wenyeji walionyesha picha na vyombo vya nyumbani mwao, kwa hiyo nia ya kutunza iko. Siku hizi mwanafunzi mwenye telefone anapiga picha daftari nzima kabla chai haijapoa. Tuwatume. Wajane wenyewe watawaonyesha kitanda sanduku liko chini yake, mradi tuwahi kabla ya siku ya kugawa.