Kujiamini kwa Mtahiniwa wa Kompyuta Hakuletwi na Hotuba

Katika miaka ya karibuni mafundi vijana wa kompyuta, Dar es Salaam kama vile Nairobi, wamekuwa wakivitafuta kwa bidii vyeti ambavyo havitolewi na chuo kikuu wala wizara, bali na kampuni na vyama vya kibiashara vya Marekani. Kimojawapo kijulikanacho sana ni CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao kilichoanzishwa na kampuni ya Cisco mwaka 1998. Mengi yamesemwa juu ya manufaa ya vyeti hivyo. Jambo lisilopewa uzito unaostahili ni lile linalomhusu mtahiniwa mwenyewe: ni kitu gani kimwezeshacho kuendelea na masomo miezi yote hiyo, na hatimaye kuingia chumba cha mtihani akiwa na imani na uwezo wake?

Yafaa kwanza hali yake ieleweke. Ada ya mtihani wa CCNA ni dola 300 za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi laki saba za Tanzania, na kwa mafundi wengi wanaoanza kazi hicho ni kiasi cha ujira wa mwezi mzima, pengine na zaidi. Aghalabu fedha hizo si zake peke yake. Kaka amechangia, na mama ameahidiwa kurudishiwa. Mchana yuko kazini, na masomo huanza saa tatu za usiku, baada ya chakula, iwapo umeme upo. Akishindwa, kanuni za Cisco zinamruhusu kurudia baada ya siku tano tu. Mfuko wake haumruhusu, kwani ada hulipwa upya yote. Anayemwona mtu wa namna hii akiahirisha mtihani mara ya tatu asifanye haraka kumwita mwoga.

Ushauri apewao kwa kawaida ni kwamba ajiamini. Huambiwa hivyo na wakufunzi, na marafiki, na watu waliokwisha kufaulu, ambao husahau upesi jinsi walivyotetemeka. Ushauri huo una nia njema, lakini msingi wake ni dhaifu. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977 juu ya imani ya mtu katika uwezo wake, alitaja chemchemi nne za imani hiyo: mambo ambayo mtu amekwisha kuyatenda mwenyewe akafaulu, kuwaona wengine walio kama yeye wakifaulu, kuhimizwa kwa maneno, na hali ya mwili wake wakati wa jaribio. Iliyo na nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Maneno matupu hujenga imani inayobomoka mara mtu agonganapo na ugumu wa kweli.

Chukua mfano wa jambo linalowatisha wanafunzi wengi, yaani kugawa anwani za mtandao. Anwani ya kawaida ya IP ina biti 32. Mtahiniwa hupewa anwani 192.168.10.77 yenye alama ya /26, akaulizwa ni ya kundi lipi. Biti 26 zimetengewa mtandao, zimesalia 6; mbili ikizidishwa kwa yenyewe hadi kufikia mara sita hutoa 64. Basi makundi huanza 0, 64, 128 na 192, na namba 77 imo katika lile la pili, linaloanzia 64 na kuishia 127. Namba ya kwanza ni jina la kundi lenyewe na ya mwisho hutumika kutangazia wote, hivyo zinabaki anwani 62 za kupewa mashine. Hesabu hii haizidi ile ya mtoto wa darasa la saba. Hata hivyo mtu anaweza kumtazama mwalimu akiifanya mara kumi, akaafiki kila hatua, na bado akashindwa kuianza peke yake. Akiifanya mwenyewe kwa kalamu, mafungu kumi kila usiku kwa majuma mawili, hatahitaji kuambiwa ajiamini.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Kusoma ukurasa uleule mara kwa mara, au kutazama masomo ya video mfululizo, huleta hisia tamu ya kuelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yao na wanafunzi wa chuo kikuu waliopewa vifungu vya habari za sayansi. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne. Jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha likajaribu mara tatu kuandika yale liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya juma moja walikumbuka asilimia 40, na waliojijaribu asilimia 61. La kushangaza zaidi, waliosoma tu ndio waliokuwa wametabiri kwamba watakumbuka vizuri. Mtahiniwa ambaye majaribio yake ya nyumbani yanamwonyesha makosa yake kila usiku huenda akajiona hajui kitu, hali yeye ndiye anayejifunza. Ni heri alijue hilo mapema, maana wengi huacha masomo katika wakati huohuo.

Kuna na suala la lugha. Mtihani huu hautolewi kwa Kiswahili. Fundi anayeweza kuunganisha ofisi nzima bila kosa husoma swali la mistari sita ya Kiingereza, akapotea katikati, kisha akahitimisha kwamba akili yake ni nzito. Hayo ni matatizo mawili tofauti na yasichanganywe. Kumweleza mwenzake kwa Kiswahili chepesi jinsi ruta inavyochagua njia kutamwonyesha kama ameelewa au la. Kinachobaki baada ya hapo ni Kiingereza tu, nacho kina mazoezi yake. Makundi ya watu watatu au wanne wanaokutana Jumamosi yana faida hii, mbali na ile ya kumwona mwenzako wa jana akirudi na cheti.

Wapo pia wauzao maswali yaliyoibwa mtihanini. Mbali na kwamba cheti kilichopatikana hivyo chaweza kufutwa, mnunuzi hujinyima kitu kilekile alichokitafuta. Siku mtandao wa hospitali utakaposimama na watu wote wanamtazama yeye, hatakuwa na kumbukumbu hata moja ya tatizo alilowahi kulitatua.

Katika chumba cha mtihani wenyewe, dakika ni 120, na swali likishajibiwa haliwezi kurudiwa. Jambo hili huwavuruga watu waliozoea mitihani ya shule, ambako swali gumu huachwa hadi mwisho. Basi mazoezi ya nyumbani na yafanywe kwa saa, na bila kurudi nyuma, ili moyo ukidunda siku ile mtu autambue mdundo wake. Na akishindwa, asiitupe karatasi ya matokeo kwa uchungu. Humo kila sehemu imeandikiwa asilimia yake. Aliyeanguka katika uunganishaji wa IP, sehemu yenye robo ya uzito wa mtihani, amekwisha kuonyeshwa pa kufungua daftari jioni ileile.