Fundi Huchonga Anachoagizwa

Tangu treni ya abiria ya reli mpya ilipoanza safari zake mwaka wa 2017, Miritini imekuwa mlango wa Mombasa. Wageni washukao hapo kutoka Nairobi hutiwa katika magari, wakapelekwa moja kwa moja kisiwani, Nyali au Diani. Ni wachache waambiwao kwamba jirani na hapo, Changamwe, kando ya barabara ya Port Reitz, wako wachongaji wa Akamba Handicraft, chama cha ushirika kilichoundwa mwaka wa 1963. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji ataponaje ikiwa mgeni hapitishwi kwake?

Lakini lawama si ya wenye magari peke yao. Katika sisi tukaao Miritini, Magongo na Mikindani, ni wangapi waliokwisha kwenda kumtazama fundi akifanya kazi?

Jawabu lajulikana: "Vile ni vinyago." Ni kweli kwamba Waislamu wengi hatuweki sanamu za wenye roho majumbani mwetu, wala sisemi tuziweke. Lakini na tujiulize kwa nini fundi achonga twiga na simba kutwa kucha. Si kwamba mkono wake haujui kingine. Wakamba wa zamani walichonga vigoda na miiko, vitu vya kutumia nyumbani. Sanamu za kuuza, kama isimuliwavyo, zilianzishwa Wamunyu na Mutisya Munge, ambaye alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya Kwanza. Wateja wakawa ni Wazungu. Wakataka wanyama, na wanyama wakachongwa. Fundi huchonga anachoagizwa.

Basi na tuagize sisi. Patasi itoayo shingo ya twiga yaweza kutoa marufaa ya kuwekea msahafu, mbuzi ya kukunia nazi, chano, upawa, hata mlango wa nakshi za maua. Lamu ni shahidi: huko fundi wa milango hajapotea, kwa kuwa wenye nyumba bado wanamwendea.

Na kumwendea kuna faida yake. Dukani kitu hakina mwenyewe. Bandani utamwona mmoja akichonga gogo kwa tezo, wa pili akitoa umbo, wa tatu akipiga msasa. Ukiisha kuona hayo, ulimi utaona haya kutaja nusu ya bei. Utajua pia kwamba mpingo umekuwa adimu, na kwamba mafundi wamegeukia mwarobaini na mwembe, miti iliyo nyuani mwetu. Huko Ireland, katika vijiji vya Donegal, msafiri humfuata mfumaji wa nguo za sufu penye kitanda chake cha kufumia, akanunua baada ya kuona. Sisi tulio mwendo mfupi tu na mafundi wetu tumeshindwa na nini?

Hali ni hiyo hiyo kwa mama asukaye mkeka wa ukindu na kwa mshona kofia za vito. Kofia moja nzuri huchukua miezi, nasi twaipima kwa bei ya ile iliyotoka mashineni ng'ambo.

Atakayesema kwamba watalii watosha na akumbuke mwaka wa 2020. Korona iliposimamisha ndege za kutoka nje, aliyemtegemea mtalii alikaa na mali yake bila mnunuzi. Mteja aliye jirani hahitaji ndege.

Kwa hiyo, nashauri mambo matatu. Mwenye arusi au nyumba mpya aanze kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Apokeaye mgeni pale Miritini ampitishe Changamwe kabla ya kumvusha kisiwani. Na walimu wa shule na madrasa wawapeleke watoto wakaone kazi za mikono, kwa sababu kijana hatamani kazi ambayo hakupata kuiona. Mafundi wa leo wanazeeka kama wazeekavyo watu wote. Wasipopata wa kuwarithi, kesho tutakuwa na fedha ya kuagiza marufaa, lakini hatakuwapo wa kuyachonga.