Kalamu Aishike Mwenyewe

Wako wasemao kwamba mwanamke akiandika maisha yake anajianika, na kwamba ni afadhali habari zake zipite kwanza kwa mtu mwenye jina. Wasemao hayo na wamtazame Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani mwaka 1813 huko Edenton, North Carolina.

Kwa wasia alifanywa mali ya mtoto mdogo. Baba wa mtoto huyo, daktari mwenye heshima zake mjini, alimwandama tangu usichana akimtaka. Jacobs akatoroka, akajificha darini kwa bibi yake karibu miaka 7. Dari lenyewe urefu wake futi 9, upana futi 7, na pale palipoinuka kabisa ni futi 3. Mtu mzima hasimami. Akatoboa matundu kwa kekee, na humo akawachungulia wanawe wakicheza chini, asithubutu kuwaita. Mwaka 1842 akafika majimbo huru ya kaskazini mwa Marekani.

Huko naye aliona kwanza atafute mtu mwenye jina. Akaombewa msaada kwa Harriet Beecher Stowe, mwandishi wa riwaya ya Uncle Tom's Cabin. Bibi Stowe akataka kuyatia maisha hayo katika kitabu chake mwenyewe. Tena, ili kupata hakika, akaipeleka barua yenye siri za Jacobs kwa mwajiri wa Jacobs mwenyewe, ambaye hakuwahi kuambiwa siri hizo. Haya, nani aliyemwanika?

Jacobs akakataa, na alifanya vyema. Akaandika mwenyewe, usiku, baada ya kulea watoto wa watu mchana kutwa. Kitabu kilitoka Boston mwaka 1861 kwa jina la kujificha, Linda Brent. Hata lile lililomtia haya, kwamba alizaa na Mzungu mwingine ili amkwepe yule daktari, alilisema kwa maneno yake na kwa kipimo chake.

Malipo yake yakawa nini? Wasomi wengi wa karne ya 20 walikiita kitabu hicho hadithi ya kubuni, au kazi ya mhariri wake Mzungu, Lydia Maria Child. Ikabidi msomi Jean Fagan Yellin afukue barua za Jacobs, na toleo lake la mwaka 1987 likarudisha haki kwa mwenyewe. Jacobs alikuwa amekufa tangu 1897.

Basi ndugu msomaji, mwanamke akikuletea daftari la maisha yake, usimwulize ni nani aliyemwandikia. Lifungue usome. Nanyi kina mama mlio na habari zenu, msingoje mwenye jina.