Mnakiri A, wenzenu mnawaambiaje?

Leo nina neno na sisi wa feloshipu, msininunie.

Mitihani ikikaribia tu, bweni zima ni kukiri: "Sapu siipokei! A ni zangu!" Ukiuliza, unapelekwa Mithali 18:21, ulimi una nguvu. Haya, una nguvu, sikatai. Lakini mbona msuli hampigi? Halafu someni sura yote jamani. Kuna mchongezi mle, kuna anayejibu kabla hajasikiliza, kuna ndugu aliyekosewa. Ni maneno tunayowaambia watu. Habari ya kujitamkia A mimi sijaiona.

Na sisi wa ualimu ndio tumezidi. Yakobo 3, ile sura ya ulimi tunayoipenda, inaanza na onyo kwa walimu. Huo mstari wa kwanza tunauruka.

Najua ninachosema. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilimwambia mtoto wa kidato cha pili, mbele ya wenzake, kwamba hesabu si za kichwa chake. Darasa likacheka, na mimi nikacheka. (Asubuhi ile nilikuwa nimekiri siku ya baraka, mwe!) Hakunyosha mkono tena. Nilibaki pale wiki tatu nzima, namwona kila siku, na radhi sikumwomba. Sasa huyo nimkirie nini huku nimekaa bwenini?

Siku ya shuhuda nitalisema hili. Wenye A zenu tangulieni, mimi nitasubiri.