Mgongo wa Mpala unahitaji kipimo chake

Mwaka 1883, Mbelgiji Émile Storms alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Karema na kujenga kituo Mpala, ng'ambo ya magharibi katika Kongo ya leo, bidhaa zake zilikuwa zimefika ziwani kwa vichwa na mabega ya wapagazi waliotembea kutoka pwani. Misafara ile imekwisha, mizigo haijaisha. Magunia ya ndakala, wale dagaa wa ziwani, bado hubebwa mgongoni, na muhogo, kuni na maji husafiri juu ya vichwa vya akina mama. Katika maisha ya namna hiyo ni rahisi maumivu ya kiuno kuhesabiwa kuwa haki ya umri, mtu akameza kidonge na kurudi kazini.

Lakini haya ni maradhi makubwa. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu waishi miaka mingi zaidi wakiwa na ulemavu. Mvuvi asiyeweza kuinama hawezi kuvuta wavu, na siku hiyo nyumba yake haina kipato.

Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski: kiini laini chenye maji mengi, kilichozungushiwa nyuzi imara. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, hivyo chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye pingili, na ikichakaa hujitengeneza kwa shida sana. Protini iitwayo aggrekani, ambayo ndiyo hushika maji, hukatwakatwa na vimeng'enya. Kolajeni nayo hukatika, na seli hutoa kemikali za kuchochea uvimbe kama interlukini-6. Mabaki hayo huingia katika damu na mkojo, na humo ndimo wanasayansi wanamotafuta alama za kibayolojia zitakazoeleza hali ya diski bila kupasua wala kupiga picha.

Picha zenyewe zimeshindwa kujibu swali muhimu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 wasioumwa mgongo kabisa, na zaidi ya nusu yao wakakutwa na diski iliyotuna. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa, miongoni mwa watu wasio na maumivu, asilimia 37 ya wenye miaka 20 wana diski zilizochakaa, na wenye miaka 80 ni asilimia 96. MRI huona uchakavu. Kama uchakavu huo ndio unaouma, haijui.

Kwa hiyo kuililia Mpala mashine ya MRI ni kuomba kitu cha gharama kisichotatua fumbo. Kipimo cha damu au mkojo, kinachoweza kufanyika kwenye kituo cha afya, kingewafaa wakazi wake zaidi.

Ila kipimo hicho hakitafaa kikitengenezwa kwa damu ya Ulaya peke yake. Chukua CTX-II, vipande vya kolajeni vinavyopimwa kwenye mkojo: goti lililochakaa huvitoa sawasawa na diski. Interlukini-6 na CRP, protini ya damu inayoashiria uvimbe, hupanda mtu anapougua malaria, na kandokando ya Tanganyika malaria haikauki. Namba inayomaanisha diski inawaka huko Oslo, Mpala inaweza kumaanisha mbu tu. Na Wakongo hawakosi mambo ya kuifundisha sayansi hii: mwaka 2002 Echarri na Forriol walichapisha utafiti juu ya shingo za wabeba kuni wa Kongo, wakaeleza ishara za uchakavu zinazoletwa na mzigo wa kichwani. Utafiti ule ulitegemea eksirei. Damu ya wabebaji wa aina hiyo ingeeleza mengi zaidi.

Haraka nayo ina madhara. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitangaza kuwa wagonjwa wenye alama fulani za MRI kwenye pingili walipata nafuu kwa siku 100 za antibiotiki. Wanorwe wakalirudia jaribio kwa wagonjwa 180, na matokeo yao ya mwaka 2019 hayakuonyesha faida ya maana. Mahali ambapo antibiotiki kama amoksilini huuzwa sokoni kama sabuni, habari ya kwanza ikitangulia ya pili huzaa usugu wa vijidudu.

Wakati alama mpya zinasubiriwa, zipo za zamani zisizotumika ipasavyo. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Homa, kukonda, maumivu ya usiku, pamoja na kipimo cha kasi ya kuzama kwa chembe za damu au CRP, vinatosha kumfanya muuguzi amtume mgonjwa hospitalini mjini Kalemie kabla miguu haijapooza. Kwa wengine, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 unasisitiza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa za afyuni.

Vyuo vikuu vya Kalemie na Lubumbashi havina haja ya kungoja mwaliko kutoka nje. Kazi ya kwanza ni kupima damu na mkojo wa wavuvi na akina mama wasioumwa, msimu wa mvua na wa kiangazi, ili ijulikane kiwango cha kawaida cha CRP na CTX-II kwa mtu mzima wa huku. Bila namba hizo, majibu ya mgonjwa hayana cha kulinganishwa nacho.