Mwacheni Mtoto Ashike Chenji

"Mtoto usimzoeshe pesa, ataharibika." Maneno haya nimeyasikia kwa wazee, kwa majirani, hata kwa walimu, na sasa nimechoka kuyanyamazia. Si kweli, na wanaoumia ni watoto.

Tazama tunavyowatuma dukani. Mtoto anakunjiwa noti kiganjani, anaambiwa akimbie na chenji asiidondoshe. Anaibeba kama barua iliyofungwa, kilichomo hakimhusu. Binti yangu wa miaka saba alikwenda hivyo na noti ya 2,000, kununua chumvi na kiberiti, jumla 650. Akarudi na 1,300. Nilipomuuliza hamsini iko wapi, akanionyesha ulimi mwekundu: muuza duka alikosa hamsini, akampa pipi. Mtoto hakuiba. Aliuziwa pipi ambayo hakuiomba, kwa bei asiyoijua, nami nilikuwa nimeshamwita mdokozi. Nilimwomba radhi usiku uleule.

Wengine watasema shule inatosha, kutoa wanafundishwa. Ndiyo, wanafundishwa: 2,000 kutoa 650, hazitoshi, kopa kwenye maelfu. Sasa msikilize mama wa genge anavyorudisha chenji. Hakopi popote. Anaanzia kwenye 650, anakuwekea hamsini mkononi, "mia saba". Anaongeza mia, "mia nane". Mia mbili, "elfu". Kisha noti ya elfu, "elfu mbili". Anapanda kutoka kwenye bei mpaka kwenye pesa uliyompa, basi. Mtoto anayeweza kuhesabu kwa hamsini na kwa mia analiweza hilo hata kabla ya kufika kwenye hesabu za kukopa, maana kwake ni kujumlisha tu. Mbona hatumwonyeshi?

Wala nisiambiwe kwamba siku hizi pesa ziko kwenye simu. M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008 na mimi naitumia kila siku, lakini kwa mtoto mdogo salio ni tarakimu kwenye kioo. Sarafu anaishika. Anazipanga tano za mia, kando yake anaweka jero moja, anashangaa kwamba ni sawasawa. Mshangao huo ndio somo lenyewe, na haliji kwa kutazama simu ya baba.

Kwetu sasa jioni tunafungua duka mkekani. Anauza yeye, nanunua mimi: maharage kwenye vifuniko vya chupa, bei anapanga mwenyewe. Na kwenye duka halisi anakwenda na pesa anayoijua, anahesabu chenji palepale dirishani kabla hajaondoka. Pipi anaikataa, asipoitaka. Bado anachanganya sarafu za 200 na 500, kwa kuwa zote mbili zina sura ya Karume, hivyo huzigeuza moja moja kutafuta simba na nyati. Walio nyuma yake huguna. Wasubiri.