MAONI YETU: Fowili haiburutwi, hubebwa

Gari likizima mlimani kwenye njia ya Tarime kwenda Nyamongo, hasa masika yakiwa yamekolea, wasaidizi hawakosekani. Vijana wa Nyarero na vijiji vya jirani hutoka na majembe, mawe huwekwa nyuma ya matairi, na lori la kwanza kupita hufunga kamba. Punde gari linaburutwa kuelekea mjini. Moyo huo tunaupongeza. Lakini gari lenyewe likiwa fowili, mara nyingi lililoondoka na kasoro ndogo hufika gereji na kasoro kubwa: gia boksi imeungua, au difu ya nyuma inanuka mafuta yaliyochemka.

Msimamo wetu ni mfupi. Gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne lisivutwe mawili yakiwa chini na mawili yakiwa juu. Libebwe yote manne. Na asiyetaka kufika huko asafiri na tairi la akiba linalofanana na yale yaliyo barabarani.

Barabara ya Tarime hadi Mugumu ina takribani kilomita 87. Inaunganisha wilaya za Tarime na Serengeti, inapita eneo la mgodi wa dhahabu wa North Mara na kuvuka Mto Mara. Lami inawekwa kwa awamu, na pale isipofika, mvua hugeuza udongo kuwa utelezi. Ndiyo maana mwalimu, mfanyabiashara wa ng'ombe na dereva wa abiria wote wanatafuta fowili. Wananunua uwezo wa kupanda mlima kwenye tope bila kuambiwa namna ya kuliondoa gari hilo siku litakapogoma.

Katika gari la kawaida linalosukuma mbele, ukiinua magurudumu ya mbele, ya nyuma huzunguka huru kwa sababu hayakuungana na gia. Fowili haiko hivyo. Mbele na nyuma vimeunganishwa kwa shafti ya propela, na njiani kuna kiungo kinachogawa nguvu. Kwenye Toyota nyingi ndogo, kiungo hicho ni chombo chenye sahani nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Kwenye Subaru nyingi za otomatiki ni klachi ya sahani kadhaa iliyo ndani ya gia boksi. Vyote viwili vimeundwa kuvumilia tofauti ndogo ya mwendo kati ya mbele na nyuma, kama ile ya gari linapokata kona. Brekidauni ikiinua mbele na kuacha nyuma iambae na barabara, tofauti hiyo inakuwa kubwa na haina mwisho. Sahani zinasuguana, mafuta yanachemka, kiungo kinakaza. Kikikaza kabisa, hata magurudumu yaliyo juu yanalazimishwa kuzunguka, na gari linaweza kuchomoka kwenye ndoano.

Otomatiki ina tatizo la pili. Pampu inayosambaza mafuta ndani ya gia boksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo imelala. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, vyuma vinasagana bila mafuta ya kutosha. Kuweka gia kwenye N hakuiamshi pampu. Haibridi nazo zina hatari yake: mota za umeme zimeungana na magurudumu, hivyo kuliburuta gari ni kuzalisha umeme ambao unaweza kuharibu mfumo au kuwasha moto.

Wengi hawajui hata wanaendesha nini. IST, Probox na Noah ziliuzwa Japani kwa aina zote mbili, na kwa nje zinafanana. Jibu liko kwenye namba ya chesisi, ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. IST ya NCP60 au NCP61 inasukuma mbele tu. NCP65 ni fowili. Probox ya NCP50 au NCP51 ni ya mbele. NCP55 ni fowili. Noah ya AZR60 ni ya mbele. AZR65 ni fowili. Wauza spea wanazijua namba hizi kwa kichwa, na dereva naye azijue. Kama kadi imebaki nyumbani, achungulie uvunguni: kwa magari hayo, akiona shafti ndefu inayokwenda hadi kwenye difu ya nyuma, ameshapata jibu. Land Cruiser na Hilux zenye wenzo wa pili wa fowili ni habari nyingine, kwa kuwa nyingi zina alama ya N kwenye wenzo huo, na ukiuweka hapo magurudumu yanaachana na gia boksi.

Sasa gari limegoma. Lifanywe nini?

Njia iliyo salama kuliko zote ni brekidauni yenye kitanda, inayolibeba gari lote mgongoni. Tunajua si kila saa inapatikana Tarime au Mugumu. Lakini Fuso zinazobeba mahindi na ng'ombe zipo kila siku, na mafundi wa huku wana mbinu ya zamani: lori hurudi nyuma hadi kwenye tuta la udongo linalolingana na kitanda chake, zinawekwa mbao mbili nene, na gari linasukumwa taratibu hadi juu. Mbinu hiyo inafaa ikifanywa kwa uangalifu. Asiwepo mtu nyuma ya gari linalopandishwa. Likishapanda, breki ya mkono ivutwe, kabari ziwekwe mbele na nyuma ya kila tairi, na kamba au mikanda ifungwe kwenye magurudumu. Kufunga kwenye bampa ni kuomba ing'oke kwenye shimo la kwanza.

Iliyopo ikiwa ni brekidauni ya kuinua tu, fundi anayejua kazi anaweza, kwa baadhi ya magari, kufungua shafti ya propela na kuiondoa kabla ya safari, ili magurudumu ya nyuma yasisumbue kitu. Hiyo si kazi ya kubahatisha. Kwenye Subaru shafti hiyo imechomekwa ndani ya gia boksi, na ukiichomoa mafuta yanamwagika.

Kamba, magurudumu yote manne yakiwa chini, ibaki kuwa ya dharura: kulitoa gari topeni au kulifikisha mahali penye usalama. Vitabu vya magari mengi ya otomatiki vinaruhusu mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa na umbali ambao mara nyingi ni kati ya kilomita 50 na 80, tena kwenye barabara ngumu. Vingine vinakataza kabisa. Anayefunga kamba Tarime akilenga gereji ya Mwanza, zaidi ya kilomita 200, ajue ameshavuka mipaka yote hiyo. Ndoano ya kuvutia ipo: kwenye magari mengi ni chuma chenye pete kinachokaa butini pamoja na jeki, kinachofungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofichwa na kifuniko kidogo cha bampa. Itumike hiyo, si mikono ya magurudumu wala kingo za bodi. Ufunguo uachwe kwenye hatua ya kufungua usukani. Dereva wa nyuma akumbuke kwamba injini ikiwa imezima, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani unakuwa mzito. Kwenye mteremko, gari la nyuma litamgonga aliyelivuta. Chuma kigumu cha kuvutia ni bora kuliko kamba, na mteremko mkali ni sababu tosha ya kungoja Fuso.

Safari nyingi za namna hii zinaanza na pancha. Tairi limepasuka kwenye kokoto, spea hakuna au haifai, na dereva anaamua kujikongoja hadi rimu inapinda. Kwa hiyo tuangalie butini.

Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja na tairi dogo la muda. Limeandikwa ubavuni kwamba mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na linahitaji upepo wa takribani psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Mengine hayaji na tairi kabisa. Chini ya zulia la buti kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi inaziba tundu la msumari. Ubavu uliochanwa na jiwe haiuzibi. Wanunuzi wengi hufunua zulia hilo kwa mara ya kwanza siku ya pancha.

Kwa fowili, tairi dogo lina hasara ya ziada. Tairi lenye mzingo mdogo huzunguka mara nyingi zaidi, na kile kiungo cha katikati kinadhani gari linateleza, kinaanza kufanya kazi bila kupumzika. Subaru inataka mizingo ya matairi manne isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Baadhi ya Subaru za otomatiki za zamani zina sehemu ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti: ukichomeka fyuzi hapo, nguvu ya nyuma inakatwa wakati unatumia tairi dogo. Kwa mwenyeji wa barabara hii, suluhisho la kudumu ni tairi kamili la saizi ile ile. Kama ubavuni mwa yale manne pameandikwa 215/65R16, na la tano liandikwe hivyo hivyo. Lizungushwe na wenzake kila matairi yanapobadilishiwa nafasi, ili yote yaishe kwa pamoja.

Umri nao usomwe. Mwisho wa herufi za DOT ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 2309 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Michelin inashauri tairi likifika miaka 10 libadilishwe hata kama linaonekana zima, na la akiba limo kwenye ushauri huo. Spea ambayo haijawahi kugusa ardhi inazeeka huko huko ilikolala. Iliyoning'inizwa uvunguni, kama kwenye Hiace, ishushwe mara kwa mara. Mnyororo wake ukishika kutu, hautashuka siku unayouhitaji. Pamoja na spea viwepo jeki inayofanya kazi, spana ya nati na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki ili isizame topeni. Nati zilegezwe gari likiwa bado chini, zikazwe kwa kuvukana, na zikaguliwe tena baada ya kilomita chache.

Yapo pia mawe. Gari likishaondoka, yale mawe ya kuzuia matairi na matawi ya kuonya wengine hubaki katikati ya barabara. Bodaboda anayekuja gizani hana habari nayo. Aliyeyaweka ayaondoe, na kila gari liwe na vibao vya pembetatu vinavyong'aa ili matawi yasihitajike.

Wenye dhamana wana kazi tatu. TANROADS, wakati lami inaendelea, iweke maegesho ya dharura kwenye miinuko mikali, mahali ambapo gari bovu linaweza kupakiwa bila kufunga njia. Halmashauri za Tarime na Serengeti zikubaliane na wenye brekidauni na Fuso juu ya nauli inayojulikana ya kubeba gari, ili mtu aliyekwama usiku asichague kamba kwa sababu ya kuogopa bei. LATRA na polisi wa usalama barabarani wakague buti kwa ukali ule ule wanaokagulia nyaraka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari lisilo salama kutembea barabarani, na gari la abiria lisilo na spea kwenye njia hii halina sifa ya kuitwa salama.

Trafiki akisimamisha Noah ya abiria leo anauliza leseni, bima na stika ya Nenda kwa Usalama. Aongeze swali la nne: spea iko wapi? Jibu likikosekana, safari ikomee hapo hapo mjini penye fundi na duka la matairi, abiria wapande gari jingine.